Ua la Birika

Thabai iliyokanyagwa ina harufu ya kijani kali, kama mtu amesaga majani mabichi akayachanganya na hasira. Nikiinusa hata leo, mikono inaniwasha kabla sijaguswa. Ndiyo harufu ya njia ya mfongo kule Old Moshi kwa Bibi, mwezi wa sita, masika yakiwa yameisha juzi tu na maji yanashuka kutoka msituni kwa kelele, yakipita kwenye mfereji waliouchimba wazee wa zamani, kihamba hadi kihamba, shamba la migomba la ukoo mmoja hadi la mwingine. Pembeni kila kitu kilikuwa kimechanua kwa fujo: maua ya zambarau, ya njano, mengine meupe madogo kama mtu amemwaga wali. Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa pia, kwa maoni yangu mwenyewe, mtoto mcheshi kuliko wote mlimani.

Msimu huo Shangazi alikuja kutoka Himo na binti yake Neema, mdogo wangu kwa mwaka mmoja. Shangazi alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilishazima, na la kulia daktari alisema linaelekea huko huko, dawa ni za kulichelewesha tu. Jioni ya kwanza, akipepeta maharage uani, alisema kama mtu anayeomba chumvi: "Kabla halijafungwa kabisa, natamani nilione tena birika." Birika ni ua. Linaota juu karibu na msitu, kwenye ukingo wenye matone ya maji, jekundu lenye njano, na nyuma lina kimrija kilichopinda kama mdomo wa birika la chai. Utotoni mwake yeye na baba yangu walikuwa wakigombania nani aliyeliona kwanza. Kesho yake asubuhi Neema alikuwa amevaa buti za Bibi, daftari kwapani, ananiambia, "Kaka, nionyeshe njia."

Nikamwonyesha, ndiyo, ila kwa bei ya kicheko changu. Siku ya kwanza nilimwambia birika huchumwa ukiwa umefumba macho, la sivyo linanyauka, nikamwongoza mkono mpaka katikati ya thabai. Alipiga yowe hadi ng'ombe wa jirani wakageuka. Siku ya pili nilimwondolea daraja la gogo akiwa katikati ya mfongo. Kila siku tulirudi na maua mengine, akayabana kwenye daftari, na kila jioni mama yake aliyasogeza karibu na jicho la kulia akasema, "Mazuri sana, mwanangu." Na kila jioni Bibi alinituma kwenye uzio nikachume jani la isale. Kwetu, ukimkosea mtu unampelekea isale, na isale halikataliwi. Hata aliyechomewa nyumba akiletewa jani hilo hana la kusema zaidi ya kusamehe. Mimi nikaona hapo kuna mwanya wa ajabu. Uzio mzima ulikuwa masale. Nilikuwa na msamaha wa kunitosha hadi uzeeni.

"Nimesamehe," Neema alisema mara ya nne, akilibana jani kwenye daftari bila kuniangalia.

"Asante. Kesho nitaleta lingine," nikamjibu, na Bibi akanirushia kandambili.

Siku ya sita tulilipata. Lilikuwa moja tu, upande wa pili wa mkondo, na Neema aliteleza kwenye jiwe goti likachanika mpaka weupe wa ndani ukaonekana. Hakulia. Alilifunga ua kwenye jani la mgomba lenye maji kidogo, akaanza kushuka akichechemea, polepole, kama amebeba yai. Mimi nikatangulia mbio. Sikuwa na sababu kubwa. Niliona tu kwamba jioni ile sifa zote zingekuwa zake. Mfukoni nilikuwa na karatasi ya pipi, ya kijani. Niliikunja, nikaipinda mkia, nikaifunga kwenye kikonyo cha jani halisi. Wanasema mzaha mzaha hutumbua usaha. Usaha wenyewe nilikuwa siujui bado.

Shangazi alikuwa palepale uani na ungo wake. "Shangazi, birika lako hili," nikasema. Akalishika kwa kikonyo, kwa adabu, asilichubue. Akalisogeza karibu na jicho la kulia. Uso wake ukafunguka kabisa.

"Lile lile," akasema. "Wekundu wake haujabadilika hata kidogo."

Nikacheka. Nilicheka hadi nikakaa chini. "Karatasi ya pipi, Shangazi! Tena ya kijani!" Nilipoinua kichwa Neema alikuwa amesimama kwenye njia ya migomba, damu imefika kwenye buti. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia mama yake, kisha daftari lake, na nikaona akilihesabu kichwani, ukurasa baada ya ukurasa, yale yote yaliyosifiwa wiki nzima.

"Mama," akauliza, "tangu lini?"

Shangazi aliendelea kupapasa maharage. "Tangu kabla hatujaja."

Safari hii Bibi hakunituma. Alikwenda mwenyewe kwenye uzio, akachuma isale, akaniwekea mkononi. Neema akalipokea. Akasema nimesamehe, kwa sauti ya mtu anayeitikia jina darasani. Birika la kweli lilibaki kwenye jani la mgomba hadi kuku wakalidonoa.

Sasa niko kidato cha nne na darasa zima bado linacheka nikitaka. Njia ya mfongo siku hizi inapitwa na watalii wanaopiga picha kila kinachochanua, na thabai inawachoma bila kuongozwa na mtu. Shangazi haoni kabisa. Yeye na Neema wanakuja bado kila mwezi wa sita, na likizo iliyopita nilipanda peke yangu, nikalipata birika, nikalishusha na maji yake kwenye jani la mgomba.

"Shikamoo Shangazi. Nimekuletea birika."

"Marahaba, baba." Akanyoosha mkono. Halafu akaurudisha mapajani. "Mpe Neema kwanza aliangalie."

Neema alilichukua. Aliligeuza juu, akaligeuza chini, akavuta mkia wake kidogo kwa kucha. Nilisimama pale na ndevu zangu tatu kama mshitakiwa.

"Ni lenyewe, Mama," akasema. Ndipo Shangazi akanyoosha mkono tena.