Kamba Nyeupe za Mwantumu

Mpaka leo nikisikia mtu anatamka "daraja la kwanza", damu inanichemka.

Shangazi yangu Mwantumu alisokota kamba hapa Mkata tangu hatujakusanywa kijiji cha ujamaa. Mwenye fahali mkorofi hakutaka kamba ya mtu mwingine. Kamba zake zilikuwa na rangi ya udongo, maana sisi majani ya mkonge tunayavundika kwenye matope ya lambo mpaka yaoze, zibaki singa, zile nyuzi zake. Maji ya kuziosha ziwe nyeupe tungeyatoa wapi, Handeni hii?

Vita vya Kagera vilipoanza, jeshi likatafuta kamba kila pembe. Shangazi alifurahi kuliko wote. Mwanawe Sadala alikuwa ameshapelekwa mbele, na shangazi aliamini kamba yake itamfikia, ifunge hema lake au ivute gari lake likikwama.

Akaja Eliasi, mpimaji wa katani kutoka shamba moja la Korogwe, jeshi limemtuma akague kamba. Jeshi halikuwa na kipimo chake cha kamba, likabeba cha wenye mashamba kilivyo. Na wenye mashamba walikitunga kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya, wanaopenda singa ndefu, nyeupe, isiyo na doa. Eliasi hakuivuta hata kamba moja. Alizitazama tu, kama mtu anayechagua kanga.

"Shikamoo, mama. Hizi hazifiki daraja. Zina rangi ya matope."

"Marahaba, mgosi. Zivute kwanza. Jeshi linafunga mizigo kwa rangi?"

"Mimi nafuata kipimo, mama. Zioshe. Nitarudi wiki ijayo."

Zioshe! Kiangazi kile lambo lilikuwa limekauka, na ndoo moja ya maji tuliifuata nusu siku. Shangazi alikuwa na pipa moja la maji na ng'ombe mmoja wa maziwa. Tulimkataza, tukamgombeza.

"Ng'ombe atavumilia," akasema. "Sadala yuko vitani."

Akafumua kamba zote, akaosha singa, akaanika, akasokota upya mpaka viganja vikachubuka. Pipa likaisha. Ng'ombe akalala chini, hakuinuka tena. Tukamchinja angali na pumzi, na shangazi hakuonja hata mchuzi wake.

Eliasi akarudi na lori la jeshi. Kamba zilikuwa nyeupe pe.

"Daraja la kwanza!" akasema, na shangazi akacheka kwa furaha, mbele ya kigingi kisicho na ng'ombe.

Askari wakateremsha pipa la oili chafu. Wakazitumbukiza kamba zote humo, palepale uani, mpaka zikawa nyeusi tii.

"Mnafanya nini, wanangu?" shangazi akauliza.

Sajini wao akajibu kwa adabu, "Kamba nyeupe adui anaiona kutoka mbali, mama. Afadhali zingekuwa na rangi ya udongo."

Nilitaka kumkaba mtu, sijui nani. Shangazi alikwenda kwenye kile kigingi, akafungua kamba ya ng'ombe wake, ya zamani, ya matope, akamkabidhi sajini.

"Mpelekee Sadala hii."

Sajini akaipokea kwa mikono miwili. Eliasi akasema haiwezi kupanda lori, haijapimwa.