Jina Lililotokea kwenye Simu Siku ya Posa

Nimekosa, jamani, na nimekosa mbele ya watu, nikiwa nimevaa umushanana, vazi letu la sherehe, nililojishonea mwenyewe! Jina langu siandiki. Wanaonijua hapa Gisimenti watanijua tu, maana nina mdomo, na habari yenyewe imeshafika hadi kwa muuza mandazi.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikulia Tanzania, nikarudi Kigali nikiwa mtu mzima, na nina ugonjwa mmoja: napenda kujua. Simu ndiyo iliyonimaliza. Namba ngeni ikinipigia, siulizi ni nani. Nafungua huduma ya pesa, naiandika ile namba kama mtu anayetaka kutuma, jina la mwenye laini linatokea, naulizwa namba ya siri. Hapo nakata! Sijatumia hata faranga, na jina ninalo. Najua wengi wenu mnafanya hivyo, msijifanye watakatifu.

Basi, binti wa kaka yangu, nimwite Aline, akapata mchumba. Kijana mpole, ana karakana ya samani kule Gisozi, nimwite Patrick. Mama yake Aline alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo shughuli yote niliibeba mimi shangazi: mavazi, mapambo, na yale maneno ya kumweka binti tayari. Wiki moja kabla ya posa, kijana akanipigia. "Shangazi, shikamoo. Ni Patrick. Nauliza rangi ya nguo za upande wetu." Tukaongea vizuri kabisa. Nilipokata simu, vidole vikaniwasha.

Nikaandika namba. Likatokea jina: Mukandoli Verediana.

Mwanamke! Yesu wangu! Nikakaa juu ya lundo la vitambaa. Nikasema basi, huyu ana mke, laini ni ya mke, na mtoto wetu anaenda kuolewa na mume wa mtu.

Mtu mwenye akili angempigia kijana, angemuuliza, "Mwanangu, Verediana ni nani?" Swali moja tu! Mimi sikuuliza. Nilijiwekea moyoni kwamba nitalitoa siku yenyewe, mbele ya wazee, waone nani anailinda familia hii. Nisiwafiche, nilitaka kupigiwa makofi.

Siku ya gusaba ikafika, yaani posa yetu. Kwa wasioijua, ni mchezo wa maneno. Wageni wana msemaji wao, nasi tuna wetu. Wao wanaomba binti, sisi tunajifanya hatumjui, tunawatafutia kasoro, wanajitetea, watu wanacheka. Kila mtu anajua kwamba mwisho tutakubali. Msemaji wetu alikuwa mzee mmoja mtundu wa maneno. Akawaambia kijana wao ana miguu myembamba, sasa kabati atalibebaje? Hema zima likacheka.

Nikasimama.

"Mzee, samahani. Kijana huyu si miguu tu, hata jina hana! Simu yake imeandikwa Mukandoli Verediana. Atuambie huyo mwanamke ni nani, na kama ni mke wake, mbona hakuja naye?"

Makofi! Vigelegele! Wenzangu, walidhani ni sehemu ya mchezo! Msemaji wetu akanipa mkono, akasema kwenye kipaza sauti, "Mnawaona wanawake wa ukoo huu? Jibuni hilo, la sivyo ng'ombe wenu warudi nyumbani." Mimi napiga kelele, "Sitanii! Sitanii!" na kadiri ninavyosema ndivyo wanavyozidi kucheka. Kaka yangu peke yake hakucheka, kwa sababu ananijua.

Upande wa wageni akainuka bibi mmoja mwembamba, Patrick amemshika mkono.

"Nani ananiita?" akauliza. "Mukandoli ni mimi."

Ni bibi yake! Ndiye aliyemlea kule Masaka. Kijana alipoanza kuhangaika na maisha hakuwa bado na kitambulisho, bibi akamsajilia laini kwa chake. Patrick akaeleza kwa adabu zote, "Shangazi, nilitaka kubadilisha, yeye akakataa. Anafurahi kwamba kila anayenilipa anasoma jina lake kwanza." Bibi akadakia, "Vitanda vya Kigali vimelipwa kwa jina langu!" Watu wakavunjika mbavu.

Ningekaa chini, yangeishia hapo. Lakini yule bibi alikuwa na mdomo kunishinda. "Na huyu mama je? Laini yake ina jina la nani? Hebu itazameni."

Itazameni, nikasema, mimi sina cha kuficha! Nikaitaja namba yangu kwa sauti kama mtu anayenadi viazi. Simu zikatolewa mifukoni. Halafu msemaji wetu akasoma taratibu, "Gasana Evariste."

Gasana ni mume wangu wa zamani. Tuliachana kwa kelele, na tangu hapo nimemtangazia kila mtu kwamba kwangu hakijabaki kitu chake, hata kijiko! Kumbe laini aliniletea yeye tulipokuwa pamoja, na kwa kuwa mtu hajitumii pesa mwenyewe, jina hilo sijawahi kuliona. Mteja wangu mmoja akasema kutoka nyuma, "Sisi tunaliona kila tukikulipa. Tulidhani mmerudiana, tukaona aibu kuuliza."

Mama wee! Nilitamani ardhi ipasuke.

Posa ilikubaliwa, soda zikanyweka, nami nikacheka na wenzangu, nifanye nini? Nikacheka mpaka nilipoingia chumbani kwa Aline. Alikuwa amesikia yote. Hakupandisha sauti.

"Shangazi, jina hilo ulilijua wiki nzima?"

Nikasema ndiyo.

"Na ulikuwa unaamini kabisa kwamba naolewa na mume wa mtu. Ukanipima nguo, ukaniacha nisukwe, ukanyamaza. Ulikuwa unangoja nini?"

Nilikuwa nangoja makofi. Jibu kama hilo unampaje mtoto uliyemlea? Nikainama nikaanza kuokota pini sakafuni.

Kesho yake akatuma mtu kuchukua kitambaa cha gauni lake la kanisani. Akampelekea fundi mwingine. Mimi, shangazi yake, fundi! Nililia juu ya cherehani siku nzima, wateja wakadhani nimefiwa.

Nikaona angalau aibu moja niiondoe. Nikaenda ofisi ya kampuni ya simu kubadilisha jina. Binti wa kaunta akasema, "Mama, mwenye laini aje mwenyewe na kitambulisho chake." Ikabidi nimpigie Gasana! Habari alikuwa nazo tayari. Alicheka mpaka nikadhani mtandao una matatizo. Lakini alikuja, na koti lake lile lile la kijivu. Tukakaa tukingoja namba yetu iitwe, nami nikamsimulia yote tangu mwanzo.

"Kwa nini hukumuuliza kijana?" akasema.

"Sijui."

"Na mimi hukuniuliza. Ulisikia maneno ya watu juu yangu, ukaenda moja kwa moja kumwambia mama yangu."

Hakusema kwa ugomvi. Alisema huku anaangalia namba zinavyobadilika ukutani. Na ni kweli, wenzangu, ni kweli kabisa! Nikamuuliza pale pale kama yale maneno yalikuwa kweli, nikiwa nimechelewa miaka. Alichonijibu ni chetu wawili. Namba yetu iliitwa, ikapita, sisi tumekaa tu.

Kutoka pale nilipanda pikipiki hadi kwa kaka yangu. Sikubeba zawadi. Nikamwambia Aline, "Nilitaka sifa, mwanangu. Wewe nilikusahau. Nisamehe." Gauni hakunirudishia, lilikuwa limeshakatwa huko. Lakini akaingia ndani akatoka na kitambaa cha zambarau, cha bibi Verediana, cha kuvaa siku ya harusi.

"Mshonee bibi," akasema. "Na ukienda kumpima uwe na adabu, ana mdomo kama wako."

Nilimkumbatia mpaka akalalamika kwamba namharibia nywele. Bibi nimeshampima, na kweli, alinisema kuanzia mabegani hadi miguuni!

Basi nyie wenye vidole vya kuwasha kama mimi, nawaomba. Jina geni likitokea kwenye simu, linakuonyesha aliyesajili laini, basi. Yaliyobaki muulize mwenyewe, umuulize peke yake, na umuulize mapema, kabla hujamwacha mtoto wa watu asukwe.

Na laini yangu? Bado haijabadilishwa, na mimi na Gasana hatuna haraka tena. Mkija kunilipa mkaliona jina la Gasana, msinyamaze kwa adabu kama zamani. Niulizeni. Safari hii nina jibu.