Namba nne kwa karatasi ya Zaina

Ninyi vijana wenye kusoma haraka kupita baba zenu, mukae kidogo munisikilize. Mimi masomo yangu iliishia mwaka wa tatu wa primeri, lakini chumba cha ekografi nilikifagia miaka mingi kuliko umri wenu.

Siku ya kwanza ya kazi ilikuwa kwa santre ya afya ya Kabambare. Enfirmie mukubwa, mukubwa wa wauguzi, alinipa ndoo na ufagio, akaniambia: "Hapa unafagia chini. Maneno ya wagonjwa uyaache palepale." Nilijibu ndiyo. Nilichemsha vyombo, nikafua mashuka yenye damu.

Kiisha wakanituma Kasongo, kwa hospitali, nikawa chini ya daktari wa ekografi, ile mashine inayotazama ndani ya mwili bila kukata. Nilipangusa mafuta baridi wanayopaka kwa ngozi, nikashika mukono wa mwanamuke wakati daktari anapitisha kichwa cha mashine juu ya ziwa lake la kifuani. Nilijifunza kusoma uso wa daktari. Doa jeusi la mviringo ni maji, uso unalegea. Kivimbe chenye kando zilizopinda-pinda, anapita hapo mara ya pili, ya tatu, na haulizi tena habari ya safari.

Mwanamuke mumoja wa kutoka Wamaza alinikamata mu korido. "Mama, wameona nini?" Nilimuhurumia. Nikamwambia, "Si kitu, dada." Akapanda pikipiki, hakungojea sindano ya kupimwa. Wakati alirudi, ziwa lilikuwa kidonda.

Daktari aliniita, hakupaza sauti. "Mama, mashine inaona kivuli, haijui ni ugonjwa gani. Lazima sindano itoe kipande kidogo, kitazamwe mu mikroskopi. Kabla ya pale, kusema amepona ni uongo, na kusema amekufa ni uongo vilevile."

Sasa nimezeeka, kazi niliacha, magoti hayanitii tena. Lakini woga wa ile korido bado ninao.

Mwaka huu mukamwana wangu Zaina, bibi ya mutoto wangu Ramazani, alisikia kivimbe kwa ziwa. Akaenda Kasongo, akarudi na karatasi yenye namba nne, na siku ya kurudi kwa sindano. Mimi nilikuwa shambani. Kufika nyumbani nikakuta wamama wa jirani juu ya mikeka, sauti chini, kama kwa kilio. Zaina iko katikati, kichwa kimefunikwa. Shamba yake ya karanga wameshamupa wifi yake.

"Nani amekufa?" nikauliza.

Asumani, mudogo wa Ramazani, ni mwalimu. Akanionyesha karatasi. "Mama, nne. Digre ya mwisho ya kansere. Kumutoboa ni ya nini? Sindano itaamsha ugonjwa."

"Na wewe ndiye unafundisha watoto hesabu?"

Mama mumoja akacheka, akajifunika mudomo.

Nikawaambia vile ninavyowaambia ninyi. Namba ya ekografi si digre ya kansere. Mbili, hakuna ubaya. Tatu, arudi kutazamwa kisha miezi sita. Nne, daktari anashuku, anataka sindano. Kwa wengine wanakuta kansere, kwa wengine hapana. Tano, anashuku sana, na hata pale ni sindano inayosema. Digre wanaihesabu nyuma, kansere ikishajulikana. Na sindano haiamshi kitu. Kukawia ndiko kunaua.

Zaina akafunua uso. "Mama, basi nitapona?"

Wote wakanitazama. Ramazani alikuwa amesimama mulangoni, mikono haijui pa kwenda. Ningeweza kumupa mutoto wa watu neno tamu.

"Sijui, mwanangu. Hata daktari hajajua. Ndiyo maana unaenda."

Akalia. Nikamuacha alie kidogo. Halafu nikasimama.

"Mukunje mikeka. Shamba ya karanga irudi kwa mwenyewe. Ramazani, tafuta pikipiki yenye matairi mazima: kesho ndiyo siku ya sindano, asubuhi bibi yako anaenda Kasongo, na mimi nyuma yake."