Mama Fomu, Karani wa Parokia Aliyeiweka Kalamu Chini

Alizaliwa tarehe tisa mwezi wa tatu mwaka 1948, kitindamimba wa mpiga kengele wa parokia, na kwa kuwa alizaliwa njiti, mkunga alimshauri baba yake asihangaike kutafuta jina. Akaishi. Baba akamfundisha kusoma kwa kutumia daftari za ubatizo, na akili yake ikawa kali kweli kweli. Alipofaulu kwenda chuo, jamani, hakwenda: nyumbani hakuna aliyejua kwamba fomu ina tarehe ya mwisho, ikapelekwa imechelewa wiki tatu. Alilia siku mbili. Ya tatu akaenda kuomba kazi ya ukarani parokiani, akasema moyoni kwamba mtoto wa mtu mwingine hatakosa chuo kwa kutojua.

Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba nyuma ya altare, chenye meza moja, mashine ya kupigia chapa na makasha ya mishumaa yaliyofika darini. Humo wanafunzi walipanga foleni tangu asubuhi. Alijua chuo kipi kina bweni na kipi kitakuacha ujitafutie chumba, mfadhili gani anasoma barua na yupi anatazama picha tu. Hakuchukua hata senti. Wakambandika jina la Mama Fomu, naye aliliitika kwa furaha kuliko lile la ubatizo. Na tusifichane: sifa zilimwingia. Alianza kuamini kwamba yeye anawajua watoto kuliko wanavyojijua wenyewe.

Mwaka 1984 binti wa mshona viatu, mwenye miaka kumi na tisa, alimwachia fomu iliyokwisha kujazwa ili aipige mhuri na kuituma. Chaguo la kwanza lilikuwa chuo cha ujenzi, la pili uuguzi. Mama Fomu akatikisa kichwa. Ada ya ujenzi baba yake angeitoa wapi? Uuguzi ulikuwa na ufadhili kamili, chakula na malazi. Basi akachukua wembe, akakwangua namba mbili kama makarani walivyozoea kufuta makosa, moja ikawa mbili na mbili ikawa moja. Alifanya kwa huruma, na usiku ule alilala usingizi mzuri.

Binti akapelekwa uuguzi. Wodini hakuweza; kila akiona kidonda anaishiwa nguvu, na baada ya mwaka na nusu akarudi kwao na sanduku lake, akaajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wiki hiyo hiyo Mama Fomu alisikia kwa mgeni mmoja kwamba chuo cha ujenzi, mwaka ule wa 1984, kiliwasamehe wasichana wote ada. Loo! Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo alimlea mpaka kufa. Alikwenda kuungama. Padre akamwambia Mungu amekwisha kumsamehe, aende kwa amani.

"Mungu sikumbadilishia fomu, Padre," alijibu.

Angeweza kunyamaza. Binti aliamini ni wakubwa waliompangia, na wembe haukuwa na shahidi. Lakini alikwenda dukani kwa miguu, akasubiri wateja waishe, akasema, "Mwanangu, uuguzi hukupangiwa na wakubwa. Ni mimi. Nilibadilisha namba kwenye fomu yako. Naomba unisamehe."

Binti aliacha kupima misumari. "Ungeniuliza tu, Mama. Nilikuwa nakaa mtaa wa pili."

Akarudi kwenye misumari yake. Tangu siku hiyo Mama Fomu hakushika tena kalamu mbele ya mwanafunzi. Alikaa mikono ameipakata, akauliza, "Na wewe mwenyewe unataka nini?" kisha akangoja, hata nusu saa. Dereva mmoja wa lori alimfokea kwamba mwanawe atasoma sheria, "mimi ndiye ninayelipa!" Akajibiwa polepole, "Na atakayesoma ni nani, baba?" Mtoto akajaza ualimu. Mahali penye ada ngumu, Mama Fomu mwenyewe alifunga safari, akakaa kwenye mabenchi ya wahasibu wa vyuo mpaka waone haya. Wengi hushuhudia kwamba siku ya mwisho ya maombi, mtandao ukiwa umekatika mji mzima, alipiga magoti kando ya kompyuta na fomu kumi na moja zikaenda. Wenye kubisha wabishe. Kumi na mmoja hao wapo.

Na kila mwaka, kwa miaka thelathini, alirudi dukani kuomba msamaha. Alipewa kiti, akapewa maji, wakaongea habari za bei ya saruji na magoti yanayouma. Wakati wa kuondoka aliuliza kama amesamehewa, naye binti, ambaye sasa ndiye mwenye duka, alijibu, "Bado, Mama. Mwakani."

Alifariki mwaka 2016, wiki mbili baada ya kuambiwa "mwakani" mara ya mwisho. Kanisa lilijaa wauguzi, walimu, mafundi umeme na hakimu mmoja, kila mmoja na ushuhuda wake. Mwisho akasimama yule binti wa mshona viatu, mvi kichwani.

"Nilimsamehe zamani," alisema. "Tangu alipoanza kuja na mkongojo. Sikumwambia, kwa sababu niliogopa nikimwambia hatakuja tena. Nilimzoea, jamani. Sasa nimwambie nani?"

Padre akaendelea na sala. Sisi tunaoomba maombezi ya Mama Fomu tumfuate kwanza kwa kuuliza kabla ya kumwandikia mtu maisha yake. Na mwenye kudaiwa neno la msamaha alitoe leo, anayelingoja angali anasikia.