Posa ya Mchuuzi wa Sufuria

Siku ya kwanza Amri aliposimamisha baiskeli mbele ya nyumba ya Mwanawetu, kule Ruaruke, walivutana juu ya sufuria moja mpaka jua likawa la utosi. Mwanawetu aliigonga kwa kidole, akasikiliza mlio, akasema nyepesi hii, itaunguza wali. Akataja bei yake. Amri akacheka, akakaza mpira kwenye keria, akaondoka. Mwanawetu hakumwita. Aliendelea kupeta mchele, maana mchuuzi akishageuza mgongo ndipo biashara inapoanza. Kweli, Amri alipofika kwenye mkorosho akageuza baiskeli.

"Haya chukua. Nyie Wandengereko mtatumaliza."

"Kwani kwenu wapi?"

"Milimani. Mmatumbi."

"Ndiyo maana. Mtu wa milimani akiona tambarare anapotewa na akili."

Basi wakawa watani. Mtani hukutukana mbele ya wakweo na kukuchukulia kuku wako, nawe huna ruhusa ya kununa.

Mwanawetu alikuwa amejijenga mwenyewe. Alipoachwa na mumewe alitoka na kitanda na ungo. Akanunua mpunga mashambani, akakoboa, akauza mchele Bungu barabarani, mpaka akaezeka bati. Mwanaume kwake alikuwa kama gunia la mpunga: usiangalie wa juu, tia mkono mpaka chini.

Amri alileta kila cha nyumbani: sabuni za mche, chumvi, mabeseni, mafuta ya taa kwenye dumu. Ukimwagiza kijungu, juma linalofuata kiko mlangoni. Akisikia fulani kajifungua, huja na beseni la kumwogeshea mtoto hata kama hajaagizwa. Nyumba ya Mwanawetu aliifanya ya mwisho, akae. Hodi yake ilikuwa, "Mke wangu, mumeo nimerudi, kuna nini jikoni?" Naye hujibiwa kwamba humo hamna chakula cha mtu wa milimani, aende akachimbe viazi vyake vya porini. Majirani walisogea kusikiliza kama wamealikwa ngomani. Kisha Mwanawetu humpakulia wali na samaki, na chombo hukichukua kwa bei aliyoitaka yeye.

Miaka ikaenda. Taa za jua zikaingia, mafuta ya taa yakakosa mnunuzi. Watu wakawa wanapiga simu dukani Bungu, bodaboda inashusha mzigo uani bila hata kuzima injini. Amri akawa anatoka na mzigo na kurudi nao uleule.

Alasiri moja alikuja kwa miguu, kanzu imepigwa pasi, mkononi doti ya khanga. Mwanawetu alikuwa uani na jirani zake, wanachambua mchele.

"Leo sina biashara, Mwanawetu." Hakumwita mke wangu. "Baiskeli nimeiuza. Nataka nikuoe. Sina mzee huku wa kumtuma, nimejituma mwenyewe."

Mwanawetu aliyaona macho ya jirani zake yanamsubiri, na ulimi ukatangulia kama ulivyozoea.

"Mmatumbi, baiskeli umeuza, utanipakia wapi? Mgongoni?"

Wanawake wakaangua kicheko. Amri naye akacheka, maana mtani hanuni. Akaiweka khanga juu ya mkeka, akaaga vizuri, akashika njia. Mwanawetu hakumwita. Alimsubiri ageuke, kama alivyogeuka siku zote. Akapeta, akapeta, mpaka hamna pumba ya kutoka. Alipoinua macho, njia ilikuwa nyeupe.

Atarudi, alijiambia, anayeonesha haraka ndiye anayepandishiwa bei. Vuli ikapita, masika yakaingia, Amri haonekani. Ndipo alipojifunga ile khanga, akapanda bodaboda mpaka Bungu, alikopanga Amri, njia nzima akipanga maneno: nimekubali, mahari sitaki, twende tu. Tangu aanze biashara hakuwahi kwenda mahali na bei ya mwisho mdomoni.

Alimkuta Amri barazani, na pembeni yake mwanamke mnene mwenye uso wa furaha anakuna nazi. Alikuwa Mwamvua, mjane kutoka kijiji cha Mchukwi. Walikuwa wameoana Mfungo Mosi, mara tu baada ya Ramadhani. Amri alisimama, akamwambia mkewe kwamba huyu ndiye yule mtani wa Ruaruke aliyekuwa akimsimulia.

Mwanawetu alikuwa na neno moja tu alilokuja nalo. Akalisema.

"Nimekuja kumchukua mume wangu."

Mwamvua alicheka mpaka kifuu kikamponyoka. "Mchukue, dada, ila anakoroma. Kaa kwanza ule, utabebaje mume wa watu na njaa?" Akaingia ndani kufuata sahani.

Amri hakucheka. Aliitazama khanga.

"Si ungeniambia siku ile."

"Nilikuwa nakusubiri ugeuke."

"Nilijua umeshanijibu."

Sahani zikaja, wakala. Mwanawetu akamtukana Amri inavyostahili, Mwamvua akawa anajifuta machozi ya kicheko. Wakati wa kuagana Mwamvua alimpa beseni jipya, haki ya mtani, akamsihi aje tena, maana nyumba ilikuwa imechangamka.

Amri alibaki na mke anayemjibu anachomuuliza. Mwanawetu aliondoka na beseni la bure. Barabarani dereva wa bodaboda alimtajia nauli ya kumpandishia, akijiandaa kubishana, kwa kuwa alimjua. Mwanawetu alilipa alichotajiwa, akapanda.