Mpelelezi wa Karafuu Alipoingia Kwetu

Kabla sijajua hata kuchunga mbuzi, nyanya alinitoa meno mawili ya chini kwa kisu. Ndiyo ilikuwa desturi yetu. Uchungu siukumbuki. Nakumbuka mbuzi mweupe aliyesimama mlangoni akitafuna kamba ya kibuyu cha nyanya, na mimi nimeshikwa kichwa, nataka kusema kamba yako inaliwa, lakini mdomo umejaa damu. Kamba ikaisha. Nyanya akanipiga kofi, eti nilikuwa naona na sikusema. Sasa mtoto aseme na nini?

Hadithi ya meno ni ndefu, nitaikata. Yale yaliyobaki yalinisumbua uzeeni, binti yangu akanipeleka kwa daktari Kitengela, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Watu walikuwa wengi. Mimi si mtu wa kutulia, nikikaa nasimama, nikisimama nachungulia dirishani, mpaka msichana wa mapokezi akachoka na mimi.

"Mzee, si usome kitu," akasema, akanipa kitabu kisicho na jalada.

Nilisoma mpaka darasa la pili, halafu ng'ombe wakanihitaji. Nasoma na kidole. Lakini ukurasa wa kwanza tu kulikuwa na maiti, na mpelelezi mmoja mzee, mnene, anachechemea, anatafuna karafuu. Hakimbii, hana bunduki, anaangalia tu. Aliangalia vikombe mezani akajua mgeni aliyeondoka alikuwa wa mkono wa kushoto. Nilipoitwa ndani nikasema huyu mama aingie kwanza. Halafu yule kijana. Nilipisha watu mpaka daktari akatoka mwenyewe kunitafuta.

Nilitoka bila jino, na kitabu chini ya shuka. Yule msichana aliona, akacheka.

"Viko vingine nyumbani, mzee. Babu yangu alivisoma vyote tangu ujana wake. Rudisha hicho nikupe kingine."

Basi nikawa mtu wa Kitengela. Jino haliumi, naenda. Ng'ombe wanakohoa, naenda. Nilianza kununua karafuu, na sikuweza tena kumsalimia mtu bila kumwangalia mikono na viatu. Ingawa kwa viatu, mpelelezi angeteseka huku kwetu. Yeye husoma nyayo, na sisi karibu wote tunavaa akala za tairi. Angesema gari ndilo lililoua.

"Huyo mtu wa karafuu amekuoa?" mke wangu aliniuliza.

"Angenioa si angenipikia?"

"Na mimi nimeolewa na nani? Maana bwana simwoni."

Nilichopenda zaidi ni mwisho. Mpelelezi huwakusanya wote chumba kimoja, chai inamiminwa, anaongea polepole, anazunguka, anamgusia huyu na yule, halafu anamtaja mwenyewe. Nikifika hapo miguu yangu ilikuwa inatembea chini ya kiti.

Sasa, kiangazi kimoja bikoni yetu ikahama. Bikoni ni kile chuma cha mpaka kilichozungushiwa simiti. Hiyo ilisimama pembeni, mahali shamba langu linapokutana na la mdogo wangu wa tumbo moja, na la jirani aliyetoka Murang'a akanunua akapanda sukuma wiki. Tuliamka tukaikuta imeingia ndani kwangu. Kila mtu akasema ni jirani, kwa sababu ni mgeni. Mdogo wangu ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Vijana walikuwa tayari wanataka kung'oa ua wa yule mtu, na ako na watoto wadogo ndani.

Mimi sikuketi siku hizo. Nilizunguka boma kama fisi. Ndipo nikauona mtaimbo wangu, ambao mdogo wangu aliuazima, eti achimbie nguzo za zizi la mbuzi, akaurudisha. Ulikuwa unang'aa. Nikaenda kuangalia zizi lake: hakuna nguzo mpya hata moja. Na mwaka ule maji tuliyafuata mbali kwa punda, uso unanawa kwa kikombe. Nani ataosha chuma, kama si kuondoa udongo mweusi wa pale mpakani?

Nilimwambia mke wangu. Hakufurahi.

"Mwite kando," akasema. "Ama umtume mtu wa rika lake. Yataisha."

Na hivyo ndivyo mambo yanavyofanywa, nilijua vizuri sana. Lakini yule mpelelezi hakuwahi kumwita mtu kando. Mimi nilikitaka kile chumba.

Nikawaita wote kwangu. Mdogo wangu alikuja na baba mkwe wake, aliyekuwa amemtembelea kutoka Kajiado. Jirani alikaa karibu na mlango.

"Mzee, nimeitwa kunywa chai ama kulaumiwa?" aliuliza.

"Kunywa kwanza."

Nilitia karafuu mdomoni nikaanza kuzunguka. Mdogo wangu akacheka.

"Mwangalieni ndugu yangu. Tangu apewe kitabu na watu wa meno, anatembea kama kuku anayetafuta pa kutaga."

Wote walicheka, hata mimi. Halafu nikautoa mtaimbo nyuma ya kiti, nikauweka mezani katikati ya vikombe. Nikasema yote polepole: zizi lisilo na nguzo mpya, maji ya punda, chuma kilichooshwa. Nikamtaja.

Jirani alishusha pumzi, akaiangalia sakafu. Baba mkwe hasikii Kiswahili sana, akauliza kwa Kimaasai nimesema nini. Hakuna aliyemjibu, akajua.

Mdogo wangu aliuangalia mtaimbo, hakuniangalia mimi.

"Ungeniita," akasema. "Ungeniita tu, ndugu yangu."

Aliweka kikombe chini. Akaenda mbele ya baba mkwe akainamisha kichwa, kama tunavyowaaga wakubwa, aguswe. Mzee hakuinua mkono. Mdogo wangu alingoja hapo ameinama, muda ambao hata sasa nikiukumbuka nasimama kutoka kitini. Kisha akachukua fimbo yake akatoka.

"Mfuate," mke wangu akasema.

"Atarudi," nikasema. Nilikuwa bado sijaeleza vile aliuchimba ule udongo mweusi.

Tulimwona kupitia mlango akivuka shamba, akaipita ile bikoni bila kuiangalia, akashika njia ya barabara kubwa. Hakukimbia. Hakurudi tena.