Mkono Wangu Ndio Ulikuwa Geji

Nilifika nyumbani Tudor na kandambili moja mguuni, na sikujua.

Mke wangu Kache ndiye aliyeona. Alinitazama miguu, kisha akanitazama uso.

"Baba Joy, kandambili nyingine iko wapi?"

Nikaangalia chini. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu, mweusi kwa lami.

Nilikuwa natoka Kibokoni. Nilitembea mpaka barabara kuu, nikapanda tuk-tuk, nikashuka, nikapanda ngazi za ghorofa tatu. Ilikuwa saa saba mchana. Lami ya Mombasa saa saba mchana, hata paka huikimbia.

"Umechezewa," Kache akasema. "Huko Mji wa Kale kuna majini, nilikwambia."

"Jini gani atataka kandambili iliyoshonwa kwa waya?"

"Basi jini ni wewe."

Nikaoga, nikala, nikalala. Kandambili ni kandambili.

Naitwa Kadenge. Ni fundi wa AC za magari, huu ni mwaka wa ishirini na sita. Shule niliacha darasa la sita, sikujifunza kazi hii darasani. Nilijifunza kwa kushika.

Geji yangu, ile ya kupimia presha ya gesi, iliharibika mwaka juzi. Sikununua nyingine. Mkono wangu ndio ulikuwa geji.

Unawasha gari, unafungua AC, unaachia gesi iingie taratibu. Unashika lile bomba nene linalorudi kwenye kompresa. Likiwa baridi kama chupa ya soda iliyotoka frijini, funga mtungi. Umemaliza. Mafundi wenzangu walinicheka, lakini magari yalikuwa yanapoa.

Mpaka yakaanza kurudi.

Kwanza lilirudi gari la Lennox, dereva wa teksi. Kisha mawili mengine. Wote wanasema wanapata joto. Nikalaumu gesi. Nikasema siku hizi wanatuuzia takataka.

Sasa Jumatano ya wiki hiyo ya kandambili, nikapigiwa simu na Bi Mwanaesha wa Kibokoni.

Mumewe ni Mzee Zakariya. Alikuwa fundi wa kushona kanzu, wa siku nyingi. Figo zake zimekufa. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi anapelekwa hospitali kusafishwa damu, na Bi Mwanaesha ndiye dereva. Gari lao ni Toyota 110 ya mwaka tisini na sita, bati zuri bado.

"Fundi, nakwambia kweli," Bi Mwanaesha aliniambia. "Akitoka kule kwenye mashine, presha yake huwa iko chini. Akikaa kwenye foleni na joto hili, azimia. Mara mbili sasa. Daktari amesema ya tatu huenda asiamke."

"Nakuja."

Gari lao huegeshwa barabarani, maana kichochoro chao hakipitishi hata mkokoteni. Nilifungua boneti. Mpira wa kiungo kimoja ulikuwa umekauka, gesi inavuja hapo. Kazi ndogo. Nikabadilisha mpira, nikavuta hewa yote kwa pampu, nikaanza kujaza.

Bi Mwanaesha alikuwa ndani, mguu kwenye mafuta. Mzee Zakariya alikaa kwenye baraza ya jirani, mkongojo katikati ya magoti, ananitazama.

Nikashika bomba. Halina baridi.

Nikaongeza gesi. Nikashika. Halina.

"Fundi, yatosha!" Bi Mwanaesha akapiga kelele. "Humu ndani mpaka meno yagonga!"

"Bado, Bi."

"Bado nini? Wataka nigande?"

"Bi, mimi nimeshika bomba, wewe umeshika usukani. Niachie kazi yangu."

Nikaongeza tena. Nikafunga boneti.

Kesho yake, Alhamisi, walikwama kwenye foleni ya Digo Road wakirudi kutoka hospitali. AC ikatoa baridi dakika tano, kisha ikaanza kupuliza joto. Mzee Zakariya akazimia. Vijana wa pembeni walimmwagia maji, wakampepea kwa gazeti. Akaamka.

Bi Mwanaesha alinipigia simu. Sitaandika alivyonitukana. Nilisikiliza mpaka akamaliza, nikasema nitakuja Ijumaa kabla ya swala.

Nilipokata simu sikusikia uchungu wala aibu. Siku hizo sikuwa nasikia kitu. Nilikuwa nachoka tu, nakunywa maji jagi kwa jagi, naamka kwenda chooni. Nilisema ni umri. Kache alikuwa ananipigia kelele kwa sababu naepua sufuria ya ugali jikoni kwa mikono mitupu. Mimi nilimcheka. Nilimwambia mikono ya fundi imekomaa.

Ijumaa nikarudi. Nikapaka povu la sabuni kila kiungo nione wapi panatoa mapovu. Hapakuwa na povu hata moja lililovimba.

Fundi mwenye akili angejiuliza hapo: kama haivuji, gesi imekwenda wapi?

Mimi sikujiuliza. Nilishika bomba, sikusikia baridi, nikaongeza gesi.

Nikainama pia chini ya dashibodi, nikakaza skrubu, nikaangalia feni. Nilitoka na kuingia gari hilo mara kumi. Mzee Zakariya alikuwa pale pale barazani. Lakini safari hii hakuwa anatazama mikono yangu. Alikuwa anatazama miguu.

Nikafunga vifaa, nikaondoka. Hiyo ndiyo siku niliyofika nyumbani na kandambili moja.

Jumamosi hozi ya AC ikapasuka njiani, kabla hata hawajafika hospitali. Bi Mwanaesha aliniambia kulitoka mlio kama baruti na moshi mweupe. Akamtia mumewe kwenye tuk-tuk, akaliacha gari barabarani.

"Hozi imezeeka," nikamwambia.

"Wewe ndiye umezeeka!" Akakata.

Nikajua nimempoteza mteja. Basi. Nikaendelea na maisha.

Jumapili jioni simu ikalia. Haikuwa yeye. Ilikuwa sauti ya mzee, ya taratibu.

"Salaam aleikum, fundi. Ni Zakariya."

"Aleikum salaam, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Gari halina baridi. Njoo kesho asubuhi, na kesho kutwa nna hospitali."

Nilishangaa. Mtu nimeshamzimisha mara moja na kumwacha barabarani mara moja, bado ananiita. Nikadhani hana pesa ya kumwita mwingine.

Jumatatu saa tatu nilikuwa Kibokoni. Injini ilikuwa inanguruma, AC imefunguliwa. Mzee Zakariya amekaa kiti cha abiria, amejifunga shuka. Bi Mwanaesha amesimama nje, amekunja mikono. Hakunisalimia.

"Ingia," Mzee akasema. "Weka mkono hapo kwenye tundu."

Nikaingia upande wa dereva. Nikaweka mkono.

"Lina baridi au halina?"

Nikangoja. Nikageuza kiganja. Upepo niliuona, maana ulipeperusha uzi wa shati langu. Baridi sikuisikia.

"Halina," nikasema.

Bi Mwanaesha akageuza uso.

Mzee Zakariya akachomoa kitu kutoka tundu la upande wake. Kilikuwa kipimajoto kidogo, chenye namba.

"Soma."

"Saba."

"Haya. Sasa weka shavu."

"Mzee?"

"Shavu, Kadenge. Weka shavu lako hapo ulipoweka mkono."

Nikainama kama mtu anayebusu dashibodi. Nikaweka shavu.

Baridi ikanipiga mpaka jicho likatoa machozi.

Nikarudisha mkono. Hakuna kitu. Shavu, barafu. Mkono, hakuna kitu. Nilifanya hivyo mara tatu au nne, hakuna aliyenikatiza.

"Gari hili limetengenezwa jana," Mzee akasema. "Faiz wa Mwembe Tayari ametia hozi mpya na kupima gesi kwa mizani. Asema gesi uliyotia wewe ingetosha magari mawili. Jumatano ulipobadilisha ule mpira lilikuwa limepona. Mwanaesha alikwambia. Wewe ndiye uliyeliharibu."

Kwa asiyejua: gesi ya AC ikipungua, unapata joto. Ikizidi, presha inapanda, kompresa inajizima, na unapata joto vile vile. Hilo nalijua kwa miaka ishirini na sita. Ningeweza kumfundisha mtu yeyote.

"Kama limetengenezwa, umeniitia nini?" nikauliza.

Akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa kandambili yangu.

"Ijumaa uliingia na hii chini ya dashibodi. Mguu ulitoka, kandambili ikabaki. Ukaenda zako juu ya lami saa sita na nusu, hata hukuruka. Mwanaesha akataka kukuita, nikamwambia mwache, nitazame."

"Utazame nini?"

"Mimi nilitoka msikitini na kiatu kimoja. Watu wakacheka, nami nikacheka. Mwaka uliofuata nikashona kidole changu na kanzu ya mtu. Sindano imepita kwenye kucha, nimejua nilipoona damu kwenye kitambaa cheupe. Nilijisifu. Nilisema mimi ni fundi wa kweli, sindano yaniogopa." Akavuta shuka. "Ilikuwa sukari. Nilipokwenda kupima, figo zilikuwa zishakwisha."

Bi Mwanaesha akasema, bila kunitazama, "Mimi nilitaka tukushtaki. Yeye asema la, mtu huyu ni mgonjwa, hajui."

Nilitakiwa niseme pole, au ahsante. Nilisema, "Sawa."

"Si sawa," Mzee akasema. "Nenda ukapime leo. Si kesho."

Nikaenda. Kliniki ndogo tu, Tudor. Muuguzi, dada mmoja anaitwa Priscah, alinichoma kidole, akaangalia namba, akanichoma kingine.

"Baba, umekula nini leo?"

"Chai."

"Ya sukari ngapi?"

Mashine ilisema ishirini na mbili. Alisema haikutakiwa kuvuka kumi na moja hata kama ningekula keki.

Kisha akaniambia nivue viatu. Nikavua. Akainua mguu wa kushoto. Akaleta kibanio.

"Hii ni nini?"

Ilikuwa skrubu. Imezama kwenye unyayo mpaka kichwani, chini ya kidole kidogo, na pembeni pameoza. Niliitambua. Ni zile za kushikia kifuniko cha chini ya dashibodi. Nilikuwa nimetembea nayo tangu Ijumaa.

"Haikuumi?"

"Haiumi."

"Basi hiyo ndiyo shida yenyewe, baba."

Jumanne, Bi Mwanaesha alimpeleka mumewe na kumrudisha. Saa tisa Mzee alinipigia simu wakiwa kwenye foleni. Alisema yuko macho, na mkewe analalamika baridi.

Wiki tatu baadaye nilikatwa vidole viwili vya mguu. Daktari aliniuliza kama nina swali. Nikasema sina. Kache alilia korido nzima ikasikia. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya ukutani.

Machozi yangu yalikuja baadaye sana, siku ya kawaida, nikiwa nanunua geji mpya dukani. Muuzaji alidhani bei imeniuma.

Watu wananiuliza ilikuwaje fundi mzima asijue mkono wake umekufa. Naulizwa kama vile mkono ukifa unatoa tangazo. Hautoi. Unanyamaza, na wewe unauita ukimya huo ugumu. Watu wanakusifu, na unafurahi. Nilidhani siumii kwa sababu mimi ni mwanaume. Sikuumia kwa sababu nilikuwa mgonjwa.

Na nilikuwa na mashahidi. Mke wangu aliniambia. Mteja aliniambia mpaka meno yake yakagonga. Wote niliwajibu kwamba mimi ndiye najua. Kwa jibu hilo nilikaribia kumuua mzee wa watu ndani ya gari lake.

Kama wewe ni fundi, nunua geji, nunua na mizani, na mteja akisema yatosha, simamisha mkono umsikilize.

Kama si fundi, kitone kimoja cha damu kinatosha, na kinachukua muda mfupi kuliko uliotumia kusoma hapa. Lakini kabla ya kwenda, vua viatu sasa hivi. Geuza nyayo uziangalie kwa macho.

Usiziulize kama zinauma.